Kovu la tumbo lanituna na kuniwasha, nipake nini?

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Nina miaka 38, mama wa watoto wanne, nakaa Wete. Baada ya uzazi wa mwisho ngozi ya tumbo ilining'inia, kila kaskazi ikichubuka kwa jasho, na misuli ya katikati ilikuwa imeachana. Tulikata shauri na mume wangu, nikavuka kwenda Dar es Salaam nikapasuliwa: ngozi iliyozidi ikakatwa, misuli ikashonwa. Leo ni wiki ya tisa. Jeraha limefunga lote, alhamdulillahi, na mshipi niliopewa nimeshauvua tangu wiki ya sita.

Linalonikosesha usingizi ni kovu. Limepita chini ya kitovu kutoka nyonga hadi nyonga, kiasi cha sentimita 45. Wiki ya tatu lilikuwa kama uzi mwembamba, nikafurahi. Sasa limekuwa rangi ya zambarau iliyoiva, limekakamaa, na upande wa kulia, kipande cha urefu wa kidole, limetuna na laniwasha usiku mpaka naamka. Dada yangu ana kovu lililovimba sikioni tangu alipotogwa akiwa mdogo, nami naogopa yasinifike hayohayo tumboni. Juzi tena kimetokeza kijipele cheupe upande wa kushoto, nikikigusa nahisi ncha ngumu kama unywele.

Kila mtu ana dawa yake. Jirani kanipa mafuta ya karafuu, nimepaka siku nne, yanaunguza. Rafiki yangu kaniletea vidonge vya vitamini E nitoboe nipake, na krimu ya kopo dogo lisilo na maandishi, ambayo yeye ilimtoa madoa kwa wiki mbili. Mama anataka anikande kwa maji ya moto kama mzazi na anifunge mkaja, na kanikataza pweza, mayai na dagaa, eti kovu litazidi kuwasha. Nimesikia pia habari za plasta za silikoni, lakini kwa joto letu hili sijui nitaziweza vipi, na kwenye kukoga josho itakuwaje.

Miezi mitatu ijayo mdogo wangu anaolewa. Nataka nisingwe pamoja na wenzangu na nisilionee haya tumbo langu. Nifanye nini, na kipi kwanza?

Mama wa wanne, Wete

JIBU

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu.

Kwanza kabisa, mama asikukande. Naliweka hili mbele ya yote kwa kuwa ndilo linaloweza kukuumiza usiku huu huu. Upasuaji uliofanyiwa huinua ngozi ya tumbo yote, ukaivuta chini na kukata mishipa midogo ya fahamu. Pitisha ncha ya kidole kati ya kitovu na kovu, utaona pana ganzi. Ganzi hiyo hukaa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Kitambaa cha maji ya moto ambacho mzazi wa kawaida angekipigia kelele, wewe hutakisikia. Utakuja kuona malengelenge kesho yake, na kidonda cha moto juu ya ngozi ambayo damu yake bado haijakaa sawa hupona polepole na kuacha kovu baya kuliko hilo unalolilalamikia. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo ni hivyohivyo, na ukijifukiza udi usikiinamie chetezo tumbo likiwa wazi. Mama anakutakia kheri. Mweleze kuwa hii si nifasi.

La pili, lile kopo lisilo na maandishi usilifungue. Krimu ya namna hiyo, inayong'arisha ngozi kwa wiki mbili, mara nyingi ina dawa kali ya jamii ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho), au haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), au zebaki. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, na kopo lisilo na jina ndiyo njia vinavyopita. Steroidi kali ikipakwa ovyo hukondesha ngozi inayozunguka kovu, huleta michirizi na weupe wa mabaka, na kovu lenyewe likabaki lilivyo katikati ya ngozi iliyoharibika.

Mafuta ya karafuu nayo yaache. Ni fahari ya kisiwa chetu na kwa jino linalouma yana kazi, lakini kile kinacholitia jino ganzi ndicho kinachounguza ngozi changa. Ngozi nyeusi kama yetu kila ikiunguzwa hujibu kwa kuwa nyeusi zaidi. Kwa hiyo hiyo rangi ya kovu inayokukera, siku nne za karafuu huenda zimeiongezea. Vitamini E ya kutoboa haikuonekana kusaidia makovu ya upasuaji ilipopimwa, na watu wengi waliopaka walipata upele wa mzio. Vidonge hivyo mrudishie mwenyewe.

Sasa kovu lenyewe. Ulivyoliona wiki ya tatu ndivyo huwa, na lilivyo wiki ya tisa ndivyo huwa pia. Wiki za mwanzo jeraha limeshikwa na nyuzi tu. Baadaye mwili huanza kusuka kolajeni, kamba za ngozi, na husuka kwa haraka na kwa fujo, kama mtu anayeziba pakacha lililotoboka huku mzigo umo ndani. Ndiyo maana kati ya wiki ya sita na mwezi wa nne kovu hupanda rangi, huwa gumu na huwasha. Kisha kazi hubadilika: zile kamba za haraka hufumuliwa na kusukwa upya kwa mpango, na hilo huchukua mwaka mpaka mwaka na nusu. Hata likipevuka, kovu halizidi asilimia 80 hivi ya nguvu ya ngozi ya awali. Kwa hiyo sehemu ya kushoto na ya katikati, iliyo ngumu lakini bapa, iko kwenye njia yake, na hakuna cha kulikimbiza.

Kile kipande cha kulia ndicho cha kuangaliwa. Kovu lililotuna liko la aina mbili. Moja hunyanyuka lakini haliondoki kwenye mstari wa mkato. Hutokea wiki za mwanzo, hupanda kwa miezi michache, kisha hutulia na kushuka. Jingine ni keloidi, kama la sikio la dada yako: hutoka nje ya mstari, likatambaa kwenye ngozi nzima isiyoguswa na kisu, aghalabu huanza baada ya miezi, na halishuki lenyewe. Kwa wiki ya tisa, na kwa kuwa umesema limetuna bila kusema limepanuka, dhana yangu ni lile la kwanza. Lakini damu ya dada yako ni damu yako, basi tusiishie kwenye dhana. Chukua plastiki nyeupe ya kufunikia madaftari ya skuli, ile inayoonyesha ndani, iweke juu ya kipande kilichotuna, ufuatishe ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito na uandike tarehe. Baada ya wiki nne weka tena plastiki hiyohiyo. Kovu likibaki ndani ya mstari wa kalamu, endelea na matunzo nitakayokueleza. Likiwa limetoka nje, usingoje wiki nyingine.

Jiulize pia kwa nini ni kulia tu. Ncha ya kovu hili hukaa nyongani, palepale mpira wa chupi unapopita na palepale unapompakata mtoto ubavuni. Kusuguliwa na kuvutwa ndiyo mambo mawili yanayoliambia kovu liendelee kusuka. Vaa chupi ndefu ya pamba inayofika juu ya kovu, fundo la kanga lifunge upande wa pili, na mtoto mhamishie kushoto. Na kama kipande hicho ni laini, hakiwashi, kiko kama kikunjo cha ngozi, basi si kovu hata kidogo: ni ngozi iliyokusanyika mwisho wa mshono, na ikibaki baada ya miezi sita au zaidi, daktari huipunguza kwa ganzi ndogo.

Mvuto una jambo ambalo wengi hulikosea. Wanaogopa kurukuu na kusujudu, na wengine huswali kitini kwa miezi bila sababu. Kuinama hakulivuti kovu hili, kunalilegeza. Kinacholivuta ni kujinyoosha: kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kulala kifudifudi kwa kuinua kifua, kujitupa nyuma kitini. Teremsha kamba ya nguo ifike usawa wa mabega. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mpaka daktari aliyekupasua aseme misuli imeshika, chota nusu ndoo.

Silikoni, kitu laini kama mpira, ndiyo dawa ya kupaka na kubandika yenye ushahidi kuliko zote, na kazi yake ni nyepesi kuelewa. Ngozi ya kovu changa inavuja maji haraka kuliko ngozi nzima, na seli za chini zikihisi ukavu huo huzidi kusuka. Silikoni hufunika, maji yakabaki, seli zikatulia. Karatasi yake yenye sentimita 12 kwa 15 ukiikata vipande vinne vya upana wa sentimita 3 unapata jumla ya sentimita 60. Inakutosha kutoka nyonga hadi nyonga na ziada, huku ikipita kovu kiasi cha sentimita moja kila upande. Fedha zikiwa kidogo, weka kipande kimoja kwenye pale palipotuna tu, kwani kwingine kovu lako ni bapa.

Kwa joto la Pemba usianze na siku nzima, harara itakushinda. Siku mbili za kwanza saa 4, siku mbili zinazofuata saa 8, kisha ongeza saa 2 kila siku mpaka upite 12. Usiku ndio wakati wake mzuri, chini ya feni, na kwa kuwa unawashwa usiku utaona tofauti huko mwanzo kabisa. Kila siku ivue, ioshe kwa sabuni isiyo na manukato na maji ya uvuguvugu, iache ikauke upande wa gundi ukitazama juu kwenye sahani safi. Usiipanguse kwa taulo; nyuzi za taulo zikinata basi haitashika tena. Ngozi nayo ioshe na uikaushe sawasawa kabla ya kubandika. Vipele vikitoka, pumzisha siku moja au mbili, anza tena na saa 4. Mchana wa jua kali, jeli ya silikoni yafaa zaidi: tone dogo, lipake liwe jembamba sana, ungoje dakika 5 likauke ndipo uvae, asubuhi na alasiri. Ikibaki kunatanata umepaka nyingi. Panga miezi mitatu isiyokatika, na pale palipotuna pengine sita.

Josho halina tatizo, na hapa silikoni inaipita plasta ya karatasi, ile ya gundi ya kawaida isiyo na silikoni. Kwenye udhu tumbo halioshwi. Kwenye josho unaivua, unakoga, maji yanafika kotekote, unakauka, unairudisha. Jeli huondoka kwa sabuni. Plasta ya karatasi ni nzuri na rahisi, lakini inataka ikae siku tano mpaka saba bila kubanduliwa, na ukiibandua kila mara inachuna ngozi. Kwa mwenye mume nyumbani huo ni mtihani. Asiyepata silikoni aitumie: abandike katikati kwanza, kisha ncha bila kuvuta, kwani plasta iliyovutwa huleta malengelenge kwenye ncha, na akiitoa ailowanishe kwa mafuta, aivute kufuata urefu wa kovu, asiivute kwa kukata.

Kukanda ninakokuruhusu ni kwa kidole. Mafuta ya nazi safi yasiyo na harufu ya kuongeza, au vaseline, kiasi cha punje ya harage. Weka nyama ya vidole viwili juu ya kovu, bonyeza mpaka ukucha ubadilike rangi, kisha sogeza ngozi pamoja na vidole: duara, juu na chini, kulia na kushoto. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Kovu ndilo litembee juu ya nyama ya chini, maana ndani ndiko lilikonata. Dakika 5, asubuhi na jioni. Kwenye kipande cha kulia bonyeza tu ukiachia, usisugue. Mafuta na silikoni havipatani, kwa hiyo mpango wa siku uwe hivi: unakanda kabla ya kukoga, unakoga kwa sabuni mafuta yote yatoke, unajikausha, ndipo silikoni.

Kile kijipele cheupe kushoto ni uzi. Nyuzi za ndani huyeyuka kwa wiki na miezi, na kipande kilicho karibu na juu mwili hukisukuma nje kama mwiba. Ukikitazama kwenye mwanga utaona tone dogo kama punje ya mtama, na katikati yake kincha chenye rangi ya uzi au kisicho na rangi. Usikivute, kwani hujui urefu uliobaki chini. Osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha jeraha kikavu, usiweke silikoni wala mafuta hapo, nenda ukakatwe ncha katika kituo cha afya. Baada ya hapo hufunga chenyewe.

Mkaja wa mama, hapana. Mshipi wa hospitali ulibana sawasawa juu na chini. Kitambaa cha mkaja ukikaa na kuinuka hujikunja kikawa kamba, na kamba hiyo huja kukaa palepale kwenye kovu. Ukitaka kushikwa kiunoni, rudia mshipi wako kwa saa chache za kazi, ulale bila kitu.

Chakula, hapo nakuomba uvunje miko. Kovu husukwa kwa protini, na mama kakukatia pale pale. Mwenye kilo 70 ale gramu 85 hivi kwa siku: yai moja lina gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na zaidi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Pweza ni protini safi. Ila ukila kitu ukatokwa na mabaka mwili mzima, huo ni mzio wako na hauhusu kovu. Kolajeni inahitaji vitamini C, na pera moja lakutosha kwa siku. Losheni ya jua kwa kovu la tumbo ni kupoteza fedha. Buibui limeshamaliza kazi. Kovu la uso, shingo au mkono ndilo linaloihitaji, kwa mwaka mzima.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona homa ya nyuzi 38, usaha wenye harufu, wekundu au joto linalotambaa, mshono kufunguka, au ukibonyeza tumbo unahisi maji yanacheza chini ya ngozi. Na kama kovu litatoka nje ya mstari wa plastiki, au muwasho usipopungua baada ya wiki sita za silikoni, nenda hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani, uombe rufaa ya daktari wa ngozi. Tiba ya kawaida ni sindano ya triamsinoloni inayochomwa ndani ya kovu lenyewe, kila wiki 4 mpaka 6, mara kadhaa. Hiyo nayo ni steroidi, lakini inakaa mahali pake na kwa kipimo. Madhara yake ni ngozi kubonyea au kupauka pale ilipochomwa, na hedhi huweza kuyumba. Atakayekwambia akate keloidi tu bila sindano wala tiba ya kufuatia, mkatalie. Mara nyingi hurudi kubwa zaidi.

Kuhusu harusi nikwambie kweli: wakati huo utakuwa wiki ya 22 hivi, na kovu halitakuwa limefifia. Ukilitunza litakuwa limelala, halikuwashi, na zambarau imeanza kuwa kahawia. Ukitaka kulilinganisha, lilinganishe na picha: piga leo, karibu na dirisha, sarafu moja ikiwa kando ya kovu, upige tena kila mwezi mahali palepale. Singo singwa: mikono, miguu, mgongo, shingo. Tumboni iishie vidole vinne juu ya kovu, maana singo husuguliwa na ina punje, na manukato ya asmini na mlangilangi kwenye ngozi changa huchoma kama karafuu. Hina nyeusi ya dukani na piko visifike tumboni kabisa. Mwambie somo mapema, kabla hajatia mkono kwenye bakuli.